"Ni kweli, mheshimiwa": maneno matatu yanayomgharimu kijana aliyeshtakiwa kuiba dukani

Karani anasoma kwa kasi. "Umeshtakiwa kwamba ukiwa ndani ya duka uliiba chupa mbili za mafuta ya kujipaka na chokoleti moja, vyote vya thamani ya shilingi 1,480, kinyume cha kifungu cha 268(1) kikisomwa pamoja na kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu. Ni kweli ama si kweli?" Kijana wa miaka 19 ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Hajalala. Usiku kucha, aliyekuwa naye seli amekuwa akimwambia kwamba ukikubali unapigwa faini ndogo, unaenda nyumbani, yanaisha. Anajibu, "Ni kweli, mheshimiwa." Haijapita hata dakika moja.

Hayajaisha. Kifungu cha 275 kinataja kifungo cha hadi miaka 3. Hata kijana akipewa adhabu nyepesi, ile hatia inaandikwa, na itamsubiri siku atakapoomba kazi inayodai cheti cha tabia njema. Maelezo haya ni ya kijana wa Kenya aliyetimiza miaka 18 na anakutana na sheria kwa mara ya kwanza, na ya mzazi atakayeitwa kituoni usiku. Aliyekuwa hajatimiza 18 siku ya tukio analindwa na Sheria ya Watoto ya 2022, na njia yake ni nyingine kabisa. Aseme umri wake mara moja, na cheti cha kuzaliwa kitafutwe siku hiyo hiyo.

Makosa mengi hutendeka hata kabla polisi hawajafika. Askari wa duka ana ruhusa ya kumkamata mtu anayemwona akiiba. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inampa raia uwezo huo katika kifungu cha 34. Lakini kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi mtu huyo kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Hakuna kifungu kinachomruhusu kumfungia mtu stoo kwa muda wa saa tatu, kumpiga, kumpiga picha akiwa amebebeshwa bidhaa, au kumlazimisha atume pesa mara kumi ya bei ya kitu. Hayo hutokea, na kijana huyakubali kwa sababu ya aibu. Anaona heri alipe chochote kuliko mama ajue.

Ukiwa ndani ya hicho chumba, usikimbie na usipigane. Ukimsukuma askari, kosa la bidhaa ya mia chache linaongezewa shtaka la kumshambulia mtu. Taja jina lako, omba kumpigia mtu wa nyumbani, na useme unataka suala lipelekwe kituoni. Karatasi yoyote watakayokuwekea mbele usiitie sahihi. Mara nyingi ni maandishi ya kukiri yaliyochapwa tayari, yamebaki kujazwa jina. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, haikubali kukiri kwa namna hiyo. Ili kukubalike kortini, kukiri lazima kufanywe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo ambaye si mpelelezi wa kesi, tena kukiwa na mtu uliyemchagua mwenyewe. Hata hivyo karatasi ile ina kazi yake: ndiyo fimbo ya kukudai pesa, na ndiyo itakayokufanya ujione umeshashindwa kabla hujafika kortini.

Kama ulilipa vitu vingine siku hiyo, tunza risiti na ujumbe wa malipo ya simu. Aliyelipa vitu sita akasahau cha saba kilichokuwa chini ya mkoba hayuko sawa na aliyeficha kitu ndani ya koti. Kisheria wizi ni kuchukua kitu kwa udanganyifu, bila haki, kwa nia kama ile ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Sheria haisemi lazima uwe umevuka mlango; kitu kikisogezwa tu, kinahesabika kimechukuliwa. Kinachobaki ni nia, na nia ndiyo mzigo wa upande wa mashtaka. Ndiyo maana walinzi wengi hungoja upite kaunta ya malipo kwanza. Na ndiyo maana picha za kamera ni muhimu kwako pia, wala si kwa duka peke yake. Zinaonyesha kitu kilikuwa wapi, ulikuwa unaongea na nani kwenye simu, uligeuka kurudi au la. Mifumo hiyo hufuta picha za zamani ili irekodi mpya, kwa hiyo andika barua mapema, wiki hiyo hiyo, ukiomba zihifadhiwe. Nakala moja ipelekwe dukani na nyingine kituoni, na zote mbili zigongwe muhuri wa kupokelewa.

Kituoni, kitu cha kwanza ni OB, yaani kitabu cha polisi cha kuandikia matukio. Hakikisha tukio limeandikwa katika kitabu hicho, na uchukue nambari yake pamoja na saa. Saa ni muhimu kwa sababu Katiba, Ibara ya 49, inataka ufikishwe mbele ya korti ndani ya saa 24. Kuna mtego hapa ambao familia nyingi huugundua zikiwa zimechelewa. Saa 24 zikiisha wakati korti imefungwa, muda unasogezwa hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kukaa ndani hadi Jumatatu bila Katiba kuvunjwa. Basi jioni ya Ijumaa ndiyo ya kuomba kuachiliwa kwa dhamana kituoni, wala si ya kwenda nyumbani kungoja kupambazuke.

Bondi ya polisi haina malipo. Mdhamini anakuja na kitambulisho, anatia sahihi kwamba utafika korti, basi. Wakikutaka uweke dhamana ya pesa taslimu, hiyo ni amana, na lazima utolewe risiti rasmi yenye kiasi kamili. Risiti iandikwe jina la aliyetoa pesa, maana zinarudishwa kwake kesi ikiisha. Familia nyingi zimepoteza pesa zao kwa sababu risiti iliandikwa jina la binamu aliyepotea, au kiasi kilichoandikwa kilikuwa pungufu ya kilichotolewa, na hakuna aliyethubutu kuuliza pale kaunta. Uliza. Pesa ya "kumaliza mambo" isiyo na risiti ni hongo, na chini ya Sheria ya Hongo ya 2016 anayetoa ana kosa sawa na anayepokea. Kifungo chake kinafika miaka 10. Unatoka kwenye kosa la miaka 3 na kujiingiza kwenye la miaka 10. Tena faili ikibaki kabatini, afisa mwingine anaweza kuifungua mwezi ujao.

Una haki ya kunyamaza, na uelezwe pia matokeo ya kutonyamaza. Kunyamaza si ujeuri. Jibu jina, umri, makazi, kisha useme kwa heshima, "Afande, maelezo yangu nitayatoa nikiwa na wakili." Sentensi hiyo inatosha.

Mzazi naye ana jaribu lake. Mama anafika amejifunga leso, amekimbia kutoka sokoni, na neno la kwanza linalomtoka mbele ya afisa ni, "Mwanangu, kwa nini umeniletea aibu hivi?" Kijana analia na kusema, "Nisamehe mama, ni shetani." Afisa anasikia, duka linasikia, na kuanzia hapo kila mtu anazungumza kana kwamba hukumu imeshatoka. Hasira ya mzazi ni haki yake, ila ina wakati wake, na wakati huo ni nyumbani. Pale kaunta maswali yanayosaidia ni haya: "Umekula? Umepigwa? Kuna karatasi umetia sahihi?" Kama amepigwa, aende hospitali siku hiyo, na majeraha yaandikwe.

Kati ya kituo na korti kuna nafasi ambayo wengi huiruka, nami naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Duka linaweza kukubali kuacha malalamiko. Kwa kawaida linataka kitu kilipwe au kirudishwe, na kijana aombe radhi. Ni sawa, lakini pesa na karatasi zitembee pamoja. Barua ya duka iandikwe kwa mkuu wa kituo, nakala kwa ofisi ya mwendesha mashtaka. Itaje nambari ya OB, iseme duka limelipwa kiasi gani, na iseme wazi kwamba halitaki kuendelea na malalamiko. Aliyetia sahihi awe meneja mwenye mamlaka, si askari wa mlangoni. Ukilipa bila barua hiyo umelipa bure, kwa sababu yule askari atakuja kortini kutoa ushahidi kana kwamba hujatoa kitu. Na barua yako ya kuomba radhi isomwe kwanza na wakili, ili isigeuke kuwa maungamo.

Wa kuamua kama utashtakiwa ni ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, wala si polisi wala duka. Tangu 2019 ofisi hiyo ina sera ya kuwaondoa watu wa makosa madogo kwenye njia ya mashtaka. Mtu anakubali kuwajibika kwa hiari, anapewa masharti kama kufidia, kuomba radhi au kupata ushauri nasaha, na akiyatimiza hashtakiwi. Njia hii haikufuati nyumbani. Lazima iombwe. Andika, au wakili aandike, ukieleza umri wako, kwamba hujawahi kushtakiwa, unasoma au unafanya kazi wapi, na kwamba duka limefidiwa. Ambatisha barua ya duka. Anayeshikilia kwamba hakuiba asikimbilie njia hii kwa kuwa ni fupi, maana msingi wake ni kukubali kosa.

Sasa turudi kizimbani. Ukiulizwa "ni kweli ama si kweli" na huna wakili, jibu bora la siku ya kwanza ni, "Mheshimiwa, naomba muda nipate wakili na nisome ushahidi kabla ya kujibu." Ibara ya 50 ya Katiba inakupa muda wa kujiandaa, mkalimani bila malipo kama lugha inakusumbua, na haki ya kuuona mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yako. Hakimu akitaka jibu hapo hapo, sema "si kweli." Jibu la kukana linaweza kubadilishwa baadaye kuwa la kukiri, tena bila shida. La kukiri kulibadilisha ni kupanda mlima. Unaweza kuliomba kabla adhabu haijatolewa, lakini hakimu si lazima akubali. Adhabu ikishatoka, kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinafunga mlango: aliyekiri hawezi kukata rufaa dhidi ya hatia, ila dhidi ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu.

Kukiri kwenyewe kuna utaratibu, uliowekwa na mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, na bado ndio unaofuatwa. Shtaka linasomwa kwa lugha unayoielewa, kila kipengele kinaelezwa, jibu lako linaandikwa kwa maneno yako mwenyewe, kisha mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya tukio, nawe unaulizwa kama unayakubali. Hapa ndipo vijana wengi huokoka bila kujua, au huangamia kwa kunyamaza. Kijana akisema, "Ni kweli, mheshimiwa, lakini nilisahau kulipa," hajakiri wizi. Amekana nia. Hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana na kesi isikilizwe. Kwa hiyo yasikilize yale maelezo neno kwa neno. Yakisema ulificha vitu vitatu na wewe unajua ni kimoja, sema. Yakisema ulikimbia na hukukimbia, sema.

Ukikana, kesi inapangiwa tarehe za kutajwa na za kusikilizwa. Inaweza kuahirishwa mara kadhaa: shahidi hajafika, faili haionekani, hakimu yuko likizo. Hii ndiyo gharama ambayo hakuna anayeitaja. Ni nauli, ni siku za chuo zilizopotea, ni bosi anayeanza kuuliza unaenda wapi kila mwezi. Yote hayo yanachosha, na uchovu huo huwafanya wengine wakiri katikati ya kesi ambayo ingewaachia. Usikose tarehe hata moja. Ukikosa, hati ya kukukamata inatolewa, dhamana inaweza kupotea, na hakimu aliyekuwa anakuona kijana wa kusaidiwa anaanza kukuona mtoro. Ukiumwa, mdhamini afike siku hiyo na karatasi ya hospitali.

Duka likikubali kuacha malalamiko kesi ikiwa tayari kortini, uliza ni kwa kifungu gani. Mlalamishi akiondoa lalamiko chini ya kifungu cha 204 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai na hakimu akaridhika na sababu, unaachiliwa kabisa kama mtu asiye na hatia, na kosa hilo haliwezi kurudishwa. Mwendesha mashtaka akiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) kabla hujaitwa kujitetea, umeachiliwa tu, na sheria haimzuii kukushtaki tena kwa jambo hilo hilo. Nje ya korti watu hupongezana kwa vyote viwili, "kesi imeisha, tunamshukuru Mungu," na hali si kitu kimoja. Omba cha 204, na ujue hakimu ana uwezo wa kukataa.

Kuna pia makubaliano ya kukiri, yaliyoingizwa katika sheria hiyo hiyo mwaka 2008, vifungu vya 137A na kuendelea. Unakubaliana na mwendesha mashtaka kwa maandishi, kwa mfano kwamba baadhi ya mashtaka yaondolewe au kosa lipunguzwe, na korti inakuuliza kama uliingia kwa hiari. Yana maana pale uliposhtakiwa kwa makosa mawili, kama wizi na kumshambulia mlinzi, na ushahidi ni mzito. Usiyaingie bila wakili.

Na kama ulichukua kweli, picha zinaonyesha, na umeamua kukiri kwa akili timamu? Basi kazi yako ni kumpa hakimu sababu za kuchagua adhabu nyepesi, na anazo kadhaa mkononi. Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu kukuachilia bila adhabu, au kwa sharti kwamba usitende kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Sheria ya probesheni, yaani uangalizi badala ya jela, inamruhusu kukuweka chini ya afisa wa probesheni kwa miezi 6 hadi miaka 3, na anaweza kufanya hivyo hata bila kuandika hatia. Hilo la mwisho liombwe kwa kutajwa, kwa sababu kwa kijana anayetafuta kazi ndilo linalobeba uzito wote. Ipo kazi ya jamii bila malipo, chini ya sheria ya 1998, ambayo inafaa makosa yenye kifungo kisichozidi miaka 3, na wizi wa kifungu cha 275 unaingia humo. Kisha kuna faini. Usipolipa faini isiyozidi shilingi 15,000, kifungo cha badala hakizidi miezi 3. Ikizidi hapo hadi 50,000, hakizidi miezi 6. Kama huna pesa siku hiyo, omba muda wa kulipa kabla hujashuka kizimbani.

Kabla ya probesheni au kazi ya jamii, afisa huandika ripoti. Atakuja nyumbani, ataongea na majirani, chifu, shule. Familia nyingi humficha kijana au kupaka rangi mambo: "Huyu hajawahi kukosa hata siku moja." Afisa ameshaongea na jirani. Semeni ukweli, pamoja na kile mlichoanza kubadilisha: amerudi darasani, ameacha kundi fulani, mjomba amempa kazi karakana. Siku ya kuomba kupunguziwa adhabu, "naomba msamaha, sitarudia" ni maneno ambayo hakimu ameyasikia mara kumi asubuhi hiyo. Mpe karatasi: barua ya chuo, risiti ya kulifidia duka, barua ya mwajiri, na mzazi aliyesimama nyuma ya korti aonekane.

Wakili wa kulipia ana bei yake, nanyi mwafikiane kwa maandishi: ni ya kikao kimoja au ya kesi nzima? Hakikisha jina lake liko katika orodha ya Chama cha Mawakili na ana cheti cha mwaka huu, maana nje ya korti kuna watu wenye suti na faili ambao si mawakili. Asiye na uwezo aombe msaada kwa huduma ya kitaifa iliyoanzishwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, au shirika la Kituo cha Sheria. Msichana au mwanamke aulize pia FIDA, shirika la mawakili wanawake. Usiyeridhika na adhabu una siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu, zikihesabiwa tangu siku ya uamuzi.

Kuna hatua moja ya mwisho ambayo hufanywa na wachache. Uliposhtakiwa ulichukuliwa alama za vidole, na alama hizo ziko DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Kesi ikiondolewa au ukiachiliwa, usitegemee korti na DCI wawasiliane wenyewe. Nenda kwa karani wa korti na nambari ya kesi, lipa ada, uchukue nakala ya uamuzi iliyothibitishwa kwa muhuri. Ipeleke kwenye ofisi ya rekodi za jinai ya DCI pale Kiambu Road, uombe rekodi isahihishwe, kisha uombe cheti cha tabia njema hata kama huna kazi unayoiomba kwa sasa. Kikija kikiwa bado kinaonyesha kesi, una muda wa kurudi nacho. Kosa hilo likigunduliwa na mwajiri wiki moja kabla ya kuripoti kazini, muda huo huna. Zile nakala zichukue tatu, na moja akae nayo mama.